Jumba Letu Lioshwe Kabla ya Kupakwa Rangi

Bwana Mtengenezaji,

Tafadhali unipe nafasi katika kurasa zetu niseme neno juu ya shauri lililokatwa katika mkutano wa mwezi uliopita, nalo ni kupaka rangi jumba la chama. Najua ya kuwa mimi si mmoja wa Halmashauri, na ya kuwa karani wa stoo hutazamiwa kuhesabu makopo, wala si kusema makopo yatumiweje. Walakini mimi ndimi niandikaye daftarini kila kopo litokalo na kila kopo lirudilo tupu, na daftari hilo limenifundisha mambo ambayo nikiyanyamazia nitakuwa nimewakosea wenzangu.

Wale waliokuwapo watakumbuka. Fundi alileta hesabu yake, nayo ilikuwa na mafungu matatu: kuosha na kutengeneza rangi ya zamani, kupaka rangi ya msingi, na kupaka rangi mpya mikono miwili. Fungu la kwanza ndilo lililokuwa kubwa kwa siku za kazi, ingawa vifaa vyake vilikuwa duni: magadi, sabuni, brashi na maji. Bwana mmoja akasimama akasema kwamba rangi mpya itafunika uchafu wa zamani, basi ya nini kulipia maji? Watu wakacheka, wakapiga makofi, na fungu lile likapigwa mstari. Halafu likaongezwa neno jingine, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: kwamba milango na madirisha, ambayo rangi yake inabanduka kwa magamba, yatakwanguliwa na vijana wetu bila malipo siku ya Jumamosi, kila mmoja aje na kipande cha msasa.

Nitaanza na kuta, kisha nitakuja kwenye milango, maana kosa la kuta ni la fedha, na kosa la milango ni la watoto.

Katika daftari langu iko baraza moja, katika nyumba zilizo karibu na bahari, ambayo imetolewa rangi mara tatu katika muda wa miaka mitano. Makopo ni yale yale na fundi ni hodari. Kila mara baraza ile ilipendeza kwa msimu mmoja, kisha ikaanza kufanya malengelenge, kisha ikabanduka vipande vikubwa kama ganda la yai lililochemshwa. Watu wakailaumu rangi. Mimi mwenyewe niliandika barua kwa wauzaji, barua kali, ambayo leo naionea haya. Siku moja nilikwenda kuitazama, nikaokota kipande kilichoanguka, nikakigeuza. Upande wa nyuma, ule uliokuwa umeshikana na ukuta, ulikuwa mweupe kwa vumbi laini kama unga. Rangi yetu haikuushika ukuta hata siku moja. Ilishika vumbi, na vumbi lilipoachia, rangi ikafuata.

Jambo hili kila mtu aweza kulijaribu bila kuwa fundi. Paka kiganja juu ya ukuta uliopakwa zamani na kupigwa na jua miaka mingi. Kiganja kikitoka cheupe, ujue ya kuwa mafuta au gundi iliyokuwa ikizishikanisha chembe za rangi imekwisha kuliwa na jua, na chembe zimebaki zimekaa tu, hazina wa kuzishika. Chukua tena utepe wa gundi, uubandike ukutani, uukaze kwa kidole, kisha uung'oe kwa nguvu. Ukitoka na magamba, basi rangi utakayopaka juu yake itatoka hivyo hivyo, ila itachukua muda kidogo.

Na vumbi ni uchafu mmoja tu. Uko uchafu wa mikono na vichwa, ule ambao huuona kandokando ya milango na nyuma ya mabenchi pale tunapoegemea. Hayo ni mafuta, na rangi ya maji haipandi juu ya mafuta. Yako masizi ya jiko la nyuma, ambayo hupenya rangi mpya na kutokea tena kama kivuli cha manjano. Uko ukungu mweusi upande wa kaskazini, chini ya bomba la paa linalovuja. Ukungu ni kitu chenye uhai, Bwana Mtengenezaji. Ukipakwa rangi juu yake haufi, bali hukaa chini na kungoja masika. Sharti usafishwe kwa maji yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tatu za maji, uachwe robo saa, usuguliwe, usuuzwe. Na dawa hiyo isichanganywe kabisa na dawa ya kusafishia choo wala na amonia, maana hutoa hewa ya sumu. Bomba nalo lizibwe kwanza, au kazi yote ni bure.

Tena sisi watu wa pwani tuna adui wetu peke yetu, yaani chumvi. Ikitokea ukutani kama unga mweupe wenye kumeta, mtu asikimbilie ndoo. Chumvi hupendana na maji. Ukiimwagia inayeyuka na kurudi ukutani ilikotoka, na baada ya siku chache itatoka tena. Hiyo hupigwa kwa brashi kavu kwanza, ikakusanywa na kutupwa mbali, ndipo ukuta ukafutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Juu ya kuosha kwenyewe, nilifundishwa na fundi wa seremala wa shule ya misheni, mzee asiyejua Kiingereza hata neno moja, ambaye kila Jumamosi alitutia kazini sisi vijana tuliojiona wasomi. Tulipewa ukuta wa bweni, na kwa kuwa tulikuwa na akili nyingi tulianza juu, tukashuka. Mzee akatuacha mpaka tukamaliza. Ukuta ulikuwa umejaa mistari kama punda milia. Akatueleza ya kuwa maji machafu yakichuruzika juu ya sehemu iliyo kavu na chafu huacha alama isiyotoka upesi, lakini yakichuruzika juu ya sehemu iliyokwisha kuoshwa hupita tu. Kwa hiyo kuosha huanza chini kwenda juu, na kusuuza huanza juu kwenda chini. Tukarudia ukuta wote. Tangu siku ile nimesahau majina ya wafalme wengi wa Uingereza, lakini hilo sijalisahau.

Maji yenyewe yawe ya moto, na ndani yake kiganja kimoja cha magadi kwa ndoo, yakorogwe mpaka yayeyuke, kisha yachujwe kwa kitambaa, kwa sababu magadi ya sokoni huja na mchanga wake. Magadi hukata mafuta vizuri kuliko sabuni peke yake, tena rangi ya mafuta inayong'aa huifanya ififie kidogo, na huko kufifia ndiko kunakoipa rangi mpya mahali pa kushika. Lakini hula ngozi ya mikono, basi mwoshaji avae mifuko ya mikono. Na baada ya magadi, ukuta usuuzwe kwa maji matupu mara mbili. Hapa ndipo wengi wanaokubali kuosha hukosea: magadi yaliyobaki ukutani huiharibu rangi mpya vilevile kama uchafu ungaliiharibu. Kisha ukuta uachwe ukauke kabisa. Wakati wa kusi siku mbili za upepo zaweza kutosha. Wakati wa masika mtu asijidanganye.

Neno moja juu ya ukuta wa nyuma, ule wa mawe ya matumbawe na chokaa, ambao nasikia nao utapakwa rangi ya plastiki ili ufanane na wa mbele. Naomba usiguswe. Ukuta wa namna ile hupitisha unyevu, huvuta na kutoa. Ukifungwa kwa rangi ya plastiki, unyevu hukwama ndani pamoja na chumvi yake, na rangi hutoka shuka zima zima. Mtu anayetembea katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ataziona nyumba za matumbawe zilizotendewa hivyo kwa saruji na rangi za kisasa, na jinsi zinavyoumia. Ukuta wa chokaa hutaka chokaa. Usuguliwe kwa brashi iliyoloweshwa, unga uliolegea utoke, kisha upakwe chokaa mpya wakati ungali na unyevu. Basi.

Sasa nakuja kwenye milango.

Jumba letu lilijengwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na milango yake ni ile ile ya kwanza. Mtu akitazama pale kitasa kilipong'olewa atahesabu rangi kama kurasa za kitabu: kijani, krimu, kahawia, kijani tena, na chini kabisa nyeupe nzito. Katika zamani zile rangi nyeupe ya mafuta, iliyo njema na yenye kudumu, aghalabu ilitengenezwa kwa madini ya risasi. Na vyuma, kama vile lango letu la nje, vilipakwa kwanza rangi nyekundu ya risasi ili visipate kutu. Siwezi kuapa ya kuwa milango yetu inayo. Nasema ya kuwa rangi ya umri ule yapasa kudhaniwa kuwa inayo mpaka ipimwe.

Risasi ni sumu, na jambo hili si habari mpya. Mwaka 1904 daktari wa macho aitwaye J. Lockhart Gibson, katika mji wa Brisbane huko Australia, aliandika ya kuwa watoto wa mji ule waliokuwa wakipatwa na ugonjwa wa risasi waliupata katika rangi ya vyumba na ya vizuizi vya mabaraza. Jua kali liliifanya rangi iwe unga, watoto wakashika vizuizi, wakatia vidole kinywani. Wenzangu mnaokaa katika nyumba zenye mabaraza, fikirini mfano huo, maana jua lile ni ndugu wa jua letu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi isitumiwe ndani ya nyumba, na kukataza vijana walio chini ya miaka 18 wasitumiwe katika kazi ya viwanda ya kupaka rangi hiyo. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1926, na katika mambo yaliyoangaliwa na sheria ile ni hatari ya kusugua na kukwangua rangi ya risasi ikiwa kavu. Narudia: ikiwa kavu. Marekani haikuiondoa katika nyumba za watu mpaka mwaka 1978, na katika nchi nyingi rangi ya risasi iliendelea kuuzwa baada ya hapo. Leo Umoja wa Mataifa unazishauri serikali zisikubali rangi yenye risasi zaidi ya sehemu 90 kwa milioni.

Basi Jumamosi ile tuliyoipanga ni nini? Ni vijana arobaini, wengine hawajatimiza miaka kumi na miwili, ndani ya jumba lililofungwa, kila mmoja na kipande cha msasa, wakisaga rangi ya umri ule iwe vumbi. Saa sita watakula maandazi kwa mikono ile ile. Jioni watarudi nyumbani na vumbi katika nguo, na wadogo zao watawapokea mlangoni.

Shirika la Afya Duniani linasema ya kuwa hakuna kipimo cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na ya kuwa mtoto mdogo aweza kunyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Hudhuru ubongo unaokua: akili ya kujifunza hupungua, mtoto hukosa utulivu. Mzazi asitazamie kuona dalili, kwa kuwa katika kiasi kidogo mara nyingi hakuna cha kuonekana. Na madhara ya ubongo hayaponywi kwa dawa.

Msidhani nasema kama mtu aliyejua tangu zamani. Miaka minne iliyopita nilikodi nyumba kuukuu, nami nikataka milango ipendeze kabla ya sikukuu. Nilimwita fundi, akakwangua kwa msasa mkavu siku mbili nzima, na pale rangi ilipokataa akaichoma kwa moto ili ilainike. Nyumba ilijaa vumbi jepesi la kijivu. Mke wangu alilifagia asubuhi na jioni kwa ufagio, likainuka na kutua tena juu ya vyombo. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa akitambaa. Nami nilimsifu fundi kwa bidii yake, nikamwongezea bakshishi. Baadaye ndipo nilipopata kusoma haya niliyoyaandika. Sikumpeleka mtoto kupimwa damu wakati ule, maana sikujua kwamba kuna kitu cha kupimwa. Sasa yuko shule, na kila mwalimu anaposema kwamba hatulii, nakumbuka siku mbili zile. Labda ni utoto tu. Sitajua.

Kwa hiyo nasema ya kuwa milango isikwanguliwe mikavu, wala isichomwe. Tena habari njema ni hii, ambayo yule bwana wa makofi hakuifahamu: rangi ya zamani iliyoshika vizuri haina haja ya kuondolewa. Ilivyo salama zaidi ni kuiacha pale ilipo, kuiosha kwa maji ya magadi, kuisuuza, na kuipaka juu yake. Sehemu zinazobanduka tu ndizo za kutengenezwa, nazo kwa maji: fundi aloweshe, akwangue pole pole, alowesha tena, akisugua atumie msasa wa maji. Chini patandikwe turubai, magamba yakusanywe yangali na unyevu, yafungwe katika mfuko, yasichomwe wala yasitupwe shambani. Sakafu ifutwe kwa kitambaa cha maji, si kwa ufagio. Watu wa kazi wawe wazima, wafunike pua kwa kizuia vumbi kilicho imara, wanawe kabla ya kula, na nguo zao zifuliwe mbali na nguo za watoto. Watoto wasiingie jumbani mpaka yote yamekwisha.

Najua nitajibiwa kwamba fedha hazipo. Mimi ndiye mwenye daftari, nitajibu kwa daftari. Ile baraza ya pwani imekula rangi ya mara tatu na ujira wa mara tatu, na hata leo haina rangi. Siku nne za kuosha zingalituokolea safari mbili. Lakini naona shida yetu hasa si fedha. Shida ni kwamba kuosha hakuonekani. Mkaguzi ajapo huuliza makopo mangapi, nami namwonyesha makopo. Hakuna mkaguzi aliyepata kuniuliza ndoo ngapi za maji machafu zilimwagwa. Fundi naye ni mtu mwenye akili: akiona fungu la kuosha limepigwa mstari hafanyi ugomvi, anapaka tu, apate ujira wake, na mwaka wa pili aitwe tena. Sisi makarani ndisi tunaoandika fomu hizo. Kama hakuna mstari wa kuosha katika fomu, sisi ndisi tulioufuta.

Basi naomba Halmashauri ilirudishe shauri hili katika mkutano ujao, nami nitatoa maombi matatu. Fungu la kwanza la hesabu ya fundi lirudishwe kama lilivyokuwa, na lilipwe peke yake, baada ya wajumbe wawili kupitisha viganja vyao juu ya kuta na kuviona safi, kabla kopo moja halijafunguliwa. Kazi ya vijana ya Jumamosi ifutwe, au wapewe bustani walime. Na kipande cha rangi ya mlango, chenye matabaka yote, kipelekwe kwa wakemia wa Serikali kipimwe risasi. Ada ya kipimo nitaichanga mimi wa kwanza.

Nikishindwa kwa kura nitatii, ila kwa jambo la vijana. Wangu wawili hawatakuja na msasa, na wazazi wengine nawaomba wafikiri kabla ya Jumamosi. Rangi yenyewe imekwisha kufika, makopo kumi na manane, nami nimeyapanga nyuma ya magunia ya magadi, ili atakayekuja kuyachukua aanze na magunia.

Ndimi mwenzenu,
KARANI WA STOO